Helebori, ua la moto, kaladiamu au asumini: nini cha kupanda chini ya mwembe Mtwara na Lindi

Kila Januari inapoingia, ndugu zetu walioko Ulaya hututumia picha za ua moja. Limechanua kwenye theluji, limeinamisha kichwa, jeupe au la waridi, na mengine zambarau iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Jina lake ni helebori. Baada ya picha huja swali, na mwaka huu nimeulizwa na watu wanne, mmoja wao shangazi yangu wa Mikindani: "Mwanangu, hili likipandwa hapa uani chini ya mwembe, si litakubali?"

Shangazi hakukosea kuuliza. Helebori ni mmea wa kivulini, na kivuli ndicho tulicho nacho kwa wingi. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina mwembe au mkorosho mmoja uliotandaza matawi uani, na chini yake hamna kitu isipokuwa mchanga uliofagiwa kwa ufagio wa chelewa kila alfajiri. Mawaridi yamejaribiwa pale yakanyong'onyea. Nyasi zimejaribiwa, zikaota vipara. Mtu akiona ua linalopenda kivuli, lazima moyo umwende mbio.

Mimi huotesha miche kwenye viriba na kuigawa na kuiuza hapa Mtwara, na mimea minne nitakayoilinganisha nimeishika yote kwa mikono yangu: helebori yenyewe, ua jekundu la porini ambalo humu nitaliita ua la moto (kitaalamu ni Scadoxus multiflorus), kaladiamu ya majani ya rangi, na asumini yetu. Kila mmoja una mahali pake. Kazi ni kujua kama mahali pake ni kwako.

Kwanza utazame uwanja wako

Kabla ya majina ya maua, kuna mambo matano ya kuyajua kuhusu uwanja wako.

La kwanza ni usiku. Watu wengi hupima joto la mchana peke yake, lakini mimea mingi ya nchi za baridi huuawa na usiku wa joto, kwa kuwa haipati saa za kupumzika. Hapa pwani, hata Julai upepo wa kusi unapovuma na sisi tunajitanda khanga mbili, usiku bado ni karibu nyuzi 20. Januari na Februari, kaskazi likishika, ukuta wa nyumba unakuwa bado na joto hata saa sita ya usiku. Newala, kule juu ya uwanda wa Makonde, kuna ubaridi kidogo, na Rondo kwa upande wa Lindi vilevile, lakini sehemu zote mbili hazijui umande ulioganda.

La pili ni aina ya kivuli. Kivuli cha mwembe mkubwa ni kizito na hakina msimu, maana mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja. Kivuli cha mnazi au mpapai ni chepesi, jua linapita na kurudi. Kivuli cha ukuta ni cha nusu siku. Mmea mmoja unaweza kustawi kwenye kimoja na kufa kwenye kingine, na zote mbili ukazisema "kivulini".

La tatu ni maji na mchanga. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mchanga wetu haukai na maji. Unamwaga ndoo asubuhi, adhuhuri ukichimba kwa kidole hukuti unyevu. Chini ya mwembe ni zaidi, kwa sababu mizizi yake myembamba ya juujuu inakunywa kabla ya ua lako. Na kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, ambako juu ya uwanda hakuna mto, kila dumu la lita 20 lina hesabu yake.

La nne ni nani anapita uani. Watoto wanaotambaa, mbuzi, bata, kuku wanaochakura. Kati ya mimea hii minne, mitatu ina sumu.

La tano ni unachokitaka hasa. Kuna anayetaka mshangao wa wiki mbili, kuna anayetaka rangi ya miezi mitano, na kuna anayetaka harufu inayoingia dirishani saa mbili ya usiku. Ukijibu swali hili kwa ukweli, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Helebori

Joto na kivuli. Kwao ni milima na misitu ya Ulaya na Uturuki. Aina inayoitwa Helleborus niger, ambayo Ulaya huiita waridi la Krismasi, ni ya milima ya Alpi. Helleborus orientalis, waridi la Kwaresima, hutoka Ugiriki, Uturuki na pande za Kaukazi, na ndiyo mama wa nyingi kati ya zile chotara zenye rangi mnazoziona kwenye picha. Zote zimezoea kukaa chini ya miti inayopukutika. Kiangazi cha Ulaya miti ina majani, nazo zinapata kivuli. Majira ya baridi miti imebaki mifupa, nazo zinapata mwanga wakati wa kuchanua. Zinastahimili baridi ya chini ya sifuri bila taabu. Kinachozishinda ni joto la mfululizo, hasa likichanganyika na unyevu, maana mizizi na shingo ya mmea huoza.

Kuchanua. Hapa ndipo inapopendwa, na ina haki ya kupendwa. Inatoa maua mwishoni mwa majira ya baridi, wakati bustani nzima ya Ulaya imelala. Zile zinazoonekana kama petali kwa kweli ni sepali, ndiyo sababu hazidondoki upesi. Zinakaa wiki kwa wiki, zikififia taratibu kuwa kijani. Lakini ili mmea uchanue unahitaji kupitia baridi, na baridi hiyo Mtwara haina.

Maji na udongo. Inataka udongo wenye mboji nyingi, unaoshika unyevu lakini usiotuamisha maji. Mchanga wetu unaweza kurekebishwa kwa samadi iliyooza na majani, kwa hiyo udongo peke yake usingekuwa kikwazo.

Sumu. Mmea wote una sumu, kuanzia mizizi mpaka mbegu, nayo inagusa moyo na tumbo. Utomvu wake unawasha ngozi, na wakulima wake huvaa glavu.

Kupata na kuzidisha. Hili nilieleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo nililolipitia mwenyewe. Mdogo wangu aliniletea pakiti ya mbegu, nyeusi, zinang'aa, kubwa kidogo kuliko mtama. Mbegu ya helebori ikidondoka kiini chake bado hakijakomaa. Inataka kwanza wiki kadhaa za joto na unyevu ili kiini kikue ndani, kisha wiki kadhaa za baridi ili ipasuke. Zaidi ya hapo, inapenda kupandwa ikiwa mbichi. Ikikaa kavu kwa muda mrefu inalala usingizi mzito. Nilizichanganya na mchanga uliolowa kidogo kwenye kopo lenye mfuniko, nikaliweka kabatini miezi miwili, kisha nikalihamishia kwenye friji, rafu ya chini, pembeni ya nyanya. Umeme ukikatika nilikuwa nafungua kopo kulipulizia hewa. Mwezi wa tatu wa friji nikaona nyuzi nyeupe. Kati ya mbegu 30, nne zilitoa majani mawili ya kwanza, mazito, ya kijani iliyokolea. Niliziweka baraza ya kaskazini, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Zilivuka kusi. Kaskazi lilipoanza, moja baada ya nyingine ilianza kulegea shingoni, pale shina linapokutana na udongo, na asubuhi nikiigusa inalala chini. Ya mwisho haikufika Februari.

Hata huko kwao, mche kutoka mbegu huchukua miaka miwili mitatu kufikia ua la kwanza. Kwa hiyo anayesema atapanda helebori Mtwara aelewe kwamba mbegu inaweza kuota kwa msaada wa friji, ila ua halitakuja.

Inamfaa nani? Inamfaa mwenye ndugu Njombe au Makete, ambako Juni na Julai umande huganda usiku. Kama pakiti ya mbegu imeshakufikia, mpelekee huko zikiwa bado mbichi. Uwezekano ni mkubwa mara nyingi kuliko hapa. Inamfaa pia mwanafunzi au mwalimu anayetaka kuonyesha darasa jinsi mbegu inavyohitaji baridi kabla ya kuota. Hilo ni somo zuri na linafanyika kwa kopo na friji.

Ua la moto

Kama hujalijua kwa jina, huenda umelipita shambani. Mvua za kwanza zikinyesha, linatokeza peke yake kwenye vichaka na kingo za mashamba, kichwa kimoja chekundu cha mviringo juu ya kikonyo kinene, kama mpira uliotengenezwa kwa sindano nyekundu. Linaota sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na Tanzania ni kwao.

Joto na kivuli. Hapa hakuna la kuongeza, ni mmea wa nchi hii. Kivuli cha mwembe unakiweza, ingawa kwenye giza kabisa, pale shinani, utatoa majani mengi na maua machache. Uweke kwenye ukingo wa matawi, mahali jua la asubuhi linapopenyeza kwa saa mbili tatu.

Kuchanua. Sikilizeni, maana ndiyo sababu ninauweka karibu na helebori. Watu wa Ulaya hawapendi helebori kwa uzuri peke yake. Wanaipenda kwa kuwa inakuja mwisho wa msimu mgumu. Sasa msimu wetu mgumu si baridi, ni kiangazi. Kuanzia Juni hadi Novemba uwanja ni vumbi, mikorosho imepigwa salfa, majani yote yana rangi ya uchovu. Ua la moto limelala ardhini muda wote huo bila tone la maji. Kisha inanyesha mvua moja, ya pili, na siku chache baadaye mchanga unapasuka. Kinatokeza kitu kama ncha ya mkuki yenye madoadoa ya zambarau. Nimewahi kuchuchumaa pale kila asubuhi kwa wiki nzima kuangalia: siku ya kwanza ncha, siku ya tatu urefu wa kidole, kisha ganda linafunguka na maua madogo yanajipanga kutoka pembeni kuelekea katikati. Kichwa kimoja kinaweza kubeba hadi maua madogo 200 na kufikia upana wa sentimita 15 hadi 20. Linadumu wiki moja au mbili. Baadaye ndipo majani mapana yanashika nafasi mpaka mvua zinaisha.

Ubaya wake umo humohumo. Wiki mbili ni chache. Na kwa miezi ya kiangazi huna kitu cha kuonyesha, ni mchanga mtupu, na mgeni au kibarua asiyejua anaweza kuchoma jembe palepale. Weka mawe matatu kuzunguka mahali penyewe.

Maji na udongo. Katika yote manne, huu ndio wenye gharama ndogo kabisa ya maji. Msimu wa mvua unajitegemea. Kiangazi usiumwagilie kabisa. Kitunguu kilicholala kikilowanishwa kinaoza. Udongo uwe wa mchanga uliochanganywa na mboji, na shingo ya kitunguu iwe sawa na uso wa ardhi.

Sumu. Una sumu, hasa kitunguu chenyewe. Sehemu mbalimbali za Afrika jamaa zake wametumika kutengenezea sumu ya mishale na ya samaki. Mbuzi mara nyingi huuacha, lakini mtoto anayefukua mchanga hajui. Tunda lake ni jekundu, linavutia macho, kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa miaka miwili mitatu likateni kabla halijaiva.

Kupata na kuzidisha. Tafadhali msiende kung'oa kwenye misitu ya hifadhi kama Rondo. Ni kosa, na isitoshe kitunguu kilichong'olewa kikiwa na ua mara nyingi hugoma kuchanua mwaka unaofuata. Njia nzuri ni mbili. Muombe jirani mwenye kichaka kilichojazana akugawie vichipukizi wakati wa kusi, vikiwa vimelala. Au chukua tunda lililoiva, ondoa nyama yake, uilaze mbegu juu ya udongo wenye unyevu bila kuifukia sana. Ya mbegu inahitaji subira ya miaka mitatu au zaidi. Mdudu wa kuangalia ni viwavi weusi wenye madoa wanaotafuna jani kuanzia ndani kuelekea kwenye kitunguu. Waondoe kwa mkono siku ileile unapowaona, usingoje kesho.

Inamfaa nani? Inamfaa mwenye maji machache, anayesafiri, anayeweza kungoja mwaka mzima kwa ajili ya wiki mbili na zikamtosha. Wa Newala na Tandahimba, huu ufikirieni kwanza.

Kaladiamu

Joto na kivuli. Asili yake ni Amerika Kusini yenye joto, na joto letu la Januari kwake ni raha tupu. Baridi ya chini ya nyuzi 15 ndiyo inayoudhuru, nasi hatuna. Kivuli kizito unakivumilia, ingawa rangi hutoka vizuri zaidi kwenye kivuli chenye mwanga. Jua kali la mchana linababua jani, linaacha mabaka ya kahawia kama karatasi iliyopita karibu na moto.

Kuchanua. Haupandwi kwa ajili ya ua. Unapandwa kwa jani: jekundu lenye ukingo wa kijani, jeupe lenye mishipa ya kijani, waridi lenye madoa. Ua lake ni dogo, limejificha, na wengine hulikata ili nguvu irudi kwenye majani. Faida ni muda. Ukiota Desemba, una rangi hadi Mei, na ukimwagilia hata zaidi.

Maji na udongo. Hapa ndipo gharama inapoingia. Kaladiamu unataka unyevu usiokatika na udongo uliojaa mboji. Kwenye mchanga mtupu unadumaa. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, jaza majani makavu ya mwembe yaliyoanza kuoza na samadi ya mbuzi, changanya na mchanga wako, kisha tandaza majani juu. Kwenye kutandaza ndipo watu wengi hugombana nyumbani, kwa sababu uwanja wenye majani unaonekana haujafagiwa. Shangazi alikataa katakata. Tulipatana kwa kuzungushia matofali sehemu ndogo, ndani ya matofali majani yabaki, nje ya matofali ufagio upite. Tangu hapo anamwagilia mara moja kwa siku badala ya mara mbili.

Mahali pazuri ni karibu na karo au bomba, ambako maji hudondoka. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri. Ya sabuni ya unga msimwage kila siku.

Kiangazi kikiuma, majani yanaanguka na mmea unalala kama kiazi. Unaweza kukiacha ardhini kama mahali si pa maji, au kukichimbua na kukihifadhi kwenye mchanga mkavu mpaka Novemba.

Sumu. Una chembe kali ndogo mno zinazochoma mdomo na koo, aina ileile ya muwasho unaoupata ukila gimbi bichi, nao ni wa ukoo mmoja na magimbi. Jani lake linafanana mno na la gimbi, kwa hiyo usiupande kabisa karibu na bustani ya mboga, hasa kama anayechuma mboga ni mtoto au mgeni.

Kupata na kuzidisha. Ni rahisi. Kiazi kimoja kina macho kadhaa, ukikata vipande vyenye jicho na kuviacha vikauke siku mbili, kila kipande ni mmea. Majirani wanagawana. Wauza miche wa barabarani wanao pia, ila kagueni kiazi kwa kukibonyeza: kilicho laini kimeshaoza ndani hata kama jani ni zuri.

Inamfaa nani? Mwenye bomba la kuaminika, mwenye baraza yenye kivuli anayotaka ionekane ya kupendeza kwa miezi, na ambaye nyumbani hapana mtoto wa kuweka kila kitu mdomoni.

Asumini

Joto na kivuli. Asumini (Jasminum sambac) ilitoka pande za Asia ya Kusini na imekaa pwani yetu muda mrefu mpaka imekuwa ya nyumbani. Joto halina shida. Kivuli ndicho kikwazo: mwasumini unataka jua la angalau nusu siku. Chini ya mwembe unarefuka, unatafuta mwanga, unatoa majani na ua moja moja. Wengi waliolalamika kwangu kwamba mwasumini wao "ni dume" walikuwa wameupanda gizani tu. Tulipouhamishia kwenye kona ya ukuta wa mashariki, ulichanua.

Kuchanua. Tumba la ua linafunguka jioni, jeupe, na harufu inashuka na umande. Ukipata maji, unachanua kwa awamu mwaka mwingi, zaidi wakati wa joto. Na hili ndilo ua pekee kati ya manne haya lenye kazi nje ya bustani: kikuba, nywele za bibi harusi, sahani iliyowekwa kitandani. Kuchuma ni alasiri, matumba yakiwa yamejaa lakini hayajafunguka, na kuchuma kwenyewe kunauchochea mmea utoe mengine.

Maji na udongo. Maji ya wastani. Ukishakomaa unavumilia siku kadhaa za ukavu lakini unaacha kuchanua. Samadi mara mbili kwa mwaka inatosha. Wakazi wa Shangani na Msangamkuu wajue kwamba upepo wa kusi wenye chumvi unaunguza kingo za majani, kwa hiyo uwekeni upande wa nyumba uliokingwa na bahari.

Sumu. Hauna. Kwa nyumba yenye watoto wadogo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala. Mbuzi lakini wanaupenda, na wakiupata hawabakizi.

Kupata na kuzidisha. Kata kipandikizi cha urefu wa kalamu, kisiwe kichanga sana wala kigumu, ondoa majani ya chini, choma kwenye kiriba chenye mchanga na mboji, weka kivulini mwanzo wa mvua. Baada ya wiki nne hadi sita kina mizizi. Kila baada ya awamu ya maua pogoa, maana ua linatoka kwenye chipukizi jipya.

Inamfaa nani? Mwenye kona ya jua, mwenye watoto, na mwenye pua inayokumbuka.

Ukiwa bado umekwama

Kama uwanja wako ni mwembe mtupu, kivuli kizito toka asubuhi hadi jioni, na bomba liko karibu, anza na kaladiamu kwenye duara la matofali. Ukingoni mwa duara, kule jua la asubuhi linapogusa, panda vitunguu vitatu vya ua la moto, lakini nje ya unyevu wa kaladiamu, angalau hatua mbili kubwa, kwa sababu kimoja kinataka kumwagiliwa Juni na kingine kinataka kuachwa.

Kama maji ni ya kununua, ondoa kaladiamu kwenye hesabu. Ua la moto ardhini, na mwasumini mmoja tu karibu na mlango, unaonyweshwa maji yaliyobaki ya kunawia mikono.

Kama kuna mtoto anayetambaa, asumini peke yake mpaka afike umri wa kuelezwa akaelewa. Kama kuna mtoto na pia hakuna jua kabisa, kipande cha mchanga uliofagiwa ni salama kuliko ua lolote la orodha hii. Subiri miaka miwili, mwembe uko palepale.

Kama una mbuzi wanaozurura, mwasumini uzungushie makuti au uupandishe kwenye kichanja. Ua la moto na kaladiamu vinawindwa kidogo, lakini mbuzi mwenye njaa ya Oktoba haaminiki.

Kama uko Rondo au Newala na ubaridi kidogo unakushawishi ujaribu helebori, jaribu kwa mbegu chache na kwa friji, ukijua unajifunza. Mahali pazuri pa uwanja usipatunze kwa ajili yake.

Na kama umepanga, hujui mwenye nyumba atakwambia uhame lini, panda kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa matundu chini. Kaladiamu na mwasumini vinakubali ndoo bila manung'uniko, mradi maji yasikosekane. Ua la moto ndilo linaloipenda kabisa, kwa kuwa halitaki kusumbuliwa mizizi na kubanwa hakuliudhi. Ukipata nafasi ya kuchagua mwezi wa kuhama, hama wakati wa kusi likiwa limelala, ndoo imekauka na nyepesi, na unaweza kuibeba kwenye bajaji pamoja na magodoro.